Matuta ya Klementina

Mwaka ule wa Uhuru, watu wa upande wa Gare, milimani, walipanda mashambani na majembe wakabomoe matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyowalazimisha kuyachimba, na aliyechelewa alikiona cha moto. Hata Klementina, mjane kijana mwenye mtoto mgongoni, aliwahi kusimamishwa juani na bwana shamba mbele ya wakwe zake. Lakini matuta yake hakuyagusa.

Shemeji yake Paskali akamfuata huko huko shambani, jembe begani, na wenzake nyuma.

"Shikamoo, shemeji."

Paskali hakuitikia. "Mkoloni kaondoka, wewe umebaki askari wake?"

Wenzake wakacheka.

"Mkoloni alinitesa," Klementina akasema, "ila udongo hakuuumba yeye. Huu ni wa Mungu, mimi nimewekewa tu niutunze. Akija kuniuliza uko wapi, nimwambie nimeuacha ukateremka mtoni?"

"Hayo kamwambie padri Jumapili."

"Nakwambia wewe, leo."

Paskali akainua jembe. Klementina akaketi juu ya tuta, akamgeuza mtoto kifuani, akaanza kumnyonyesha.

"Haya, bomoa. Anza na sisi."

Wale wenzake wakatazama pembeni kwa haya. Paskali akabaki na jembe hewani mpaka mikono ikachoka. Akalishusha, akasonya, akaenda kubomoa ya kwake.

Klementina akangoja mtoto ashibe. Kisha akamfunga tena mgongoni, akashika jembe, akaanza kuziba mahali mvua ilipokuwa imemega tuta.