Siku Niliyofufuka Mbele ya DC

Jamani, nichekeni, lakini polepole, maana aibu hii bado naibeba, na mke wangu akitaka kunikata maringo mbele ya wageni husema tu, "Baba, waambie ile ya filimbi," nami natamani ardhi ipasuke inimeze na kikombe changu cha chai mkononi.

Mimi ni mtu wa opera. Maisha yangu yote nimeimba opera, nimefundisha opera, nimetunga opera, na yote hayo nimeyafanya Eldoret, mji ambao zamani ukisema unaimba opera watu walikuuliza hilo ni kanisa gani. (Kwa asiyejua, ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawaongei, wanaimba, hata mtu akitaka chumvi anaiimba.) Wanafunzi wangu walitoka Kapseret wakiwa wamekamua ng'ombe asubuhi, wakaja kupanua vifua na kuimba mapenzi, na majirani walidhani nawatesa.

Sasa, enzi hizo chama kilikuwa kimoja, na mchezo haukupanda jukwaani bila kibali cha DC, yaani mkuu wa wilaya. Nilikuwa nimemaliza opera yangu ya kwanza kubwa, tumealikwa kuipeleka Nairobi, na kilichobaki kilikuwa sahihi ya mzee huyo tu. Akasoma hadithi ofisini mwake, kidole kikifuata mistari: kijana wa Plateau, hapo jirani na mji, anampenda msichana, msichana anaozwa mbali, kijana anaanguka na kufa kwa huzuni pale stesheni treni ikiondoka na bibi harusi.

"Mwalimu," akaniuliza, "huyu kijana anakufa kwa nini? Serikali ilikuwa wapi?"

Nikamwambia, mzee, ni mapenzi tu, serikali haihusiki. Akasema atakuja kuangalia kwa macho yake, na uamuzi atautoa hapo hapo tukimaliza. Mnaelewa? Kazi ya miaka yangu yote, na waimbaji walioshona nguo mpya za kwenda Nairobi, vyote vilining'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja.

Siku yenyewe ikafika, na asubuhi ile aliyepaswa kupiga sauti ya treni kwa zumari akapatwa na matumbwitumbwi, mashavu yamejaa hivi, hawezi hata kupuliza chai. Nikawaza kidogo (kidogo sana, huo ndio ugonjwa wangu) nikamwita Kiprop, mwalimu wa michezo, mwenye ile filimbi ya refa. "Kijana anayekufa ni mimi. Nikianguka tu, hesabu hadi tatu, puliza kwa nguvu zote." Kiprop akafurahi, hajawahi kuwa kwenye opera.

Wasomaji wa siku hizi niwakumbushe jambo. Kila jioni saa kumi na mbili bendera ilishushwa kwenye ofisi za serikali, askari akapuliza filimbi, na popote ulipokuwa ulisimama wima kama mti, uwe na gunia kichwani, uwe unakimbizwa na mbwa, mpaka filimbi ya pili. Asiyesimama alikuwa na maelezo ya kutoa. Na ukumbi wetu ulipakana ukuta na ofisi ya DC, mlingoti unauona dirishani! Mchezo ulipangwa saa tisa, lakini mgeni wa heshima alichelewa jinsi wageni wa heshima wachelewavyo, kwa hiyo mimi naanguka kufa, kumbe saa kumi na mbili inakaribia.

Nikaanguka vizuri, nakwambia. Kiprop akapuliza. Mwalimu Nafula, aliyekuwa bibi harusi, alitakiwa kuanza wimbo wa kuaga. Kimya. Kinanda kimya. Nikadhani amesahau maneno, nikafungua jicho moja, na nikaona ukumbi mzima umesimama wima. DC amesimama, mikono ubavuni, kidevu juu. Nafula kaganda mdomo wazi. Kiprop mwenyewe kasimama saluti, filimbi mdomoni! (Baadaye nilimuuliza, akasema, "Mwalimu, niliona DC amesimama, nikajua hii ni ya ukweli.")

Kando ya jukwaa askari mmoja alikuwa ananikodolea macho mimi, mtu pekee aliyelala wakati wa bendera. Nifanye nini? Nikafufuka. Nikasimama wima, shuka nililovaa jukwaani likiwa begani, jasho likinitiririka.

Mtoto akasema kwa sauti, "Mama, si huyu alikufa?"

"Nyamaza! Bendera inashuka."

Tukasimama, tukasimama. Filimbi ya pili haiji, itatoka wapi na mpulizaji mwenyewe amepiga saluti? DC akaanza kugeuza jicho, akachungulia saa yake, kisha akamtazama Kiprop. Kiprop kwa hofu akashusha pumzi, na pumzi ikapitia kwenye filimbi, pwiii! Basi ukumbi mzima ukaketi kwa pamoja, nami nikalala tena nikafa.

Kicheko kilichozuka hapo sijawahi kukisikia tena. DC alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Endelea kufa, Mwalimu," akasema, akijipangusa machozi. Nikapumua, kibali tumepata! Nafula akaanza kuaga, sauti tamu ajabu, na katikati ya wimbo filimbi ikalia tena. Watu wakapiga makofi. DC akapiga goti lake, akapaza sauti, "Huyu wa filimbi ni hatari!" Hakuna aliyesimama. Ikalia ya pili, tukashangilia zaidi.

Mimi nikamwangalia Kiprop. Kiprop akanionyesha filimbi yake ilipo. Ilikuwa mfukoni.

Mlango ukafunguka, akaingia askari wa zamu, bendera imekunjwa mikononi, uso umemkauka, maana alikuwa ameishusha huku akisikia ukumbi mzima, pamoja na bosi wake, ukishangilia. Makofi yakakatika. Niliona Nairobi ikiyeyuka, na mahali pake nikaona selo.

DC akaniita nyuma ya pazia, peke yetu. Hakuwa anacheka.

"Mwalimu, bendera iliposhushwa, mimi nilikuwa nimekaa ama nimesimama?"

Nikafikiria waimbaji wangu na nguo zao mpya. "Mzee, ulisimama. Wima kabisa. Hata maiti aliona."

Akatoa kalamu, akatia sahihi kile kibali juu ya mgongo wangu, nikiwa nimeinama na shuka langu.

Nairobi tulienda, na tangu hapo nimetunga opera nyingi, lakini niliapa, na kiapo sijavunja: treni zangu zote huondoka kimya kimya. Wataalamu wakiniuliza, nawaambia ni mtindo.