Mlango wa Bimdogo

Mnataka nimsifie Bimdogo kwa sababu siku hizi mnatuona pamoja gulioni. Haya, nitamsema, lakini kwa ulimi wangu mwenyewe, msinipangie. Mimi ni Anna, mke wa Shigela fundi seremala, na hapa Bariadi hapajatokea mtu niliyemwonea wivu kama huyo mwanamke.

Nianze na duka lake, maana ubaya wote ulianzia pale. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kushika. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanamiminika na malori, chama cha ushirika kikabaki kinatazama tu. Sabuni, sukari na khanga, vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni mpaka miguu inavimba, vikajaa madukani. Bimdogo alikuwa na duka karibu na stendi, alilorithi kwa baba yake aliyekuja zamani kutoka Tabora. Ndani ya duka kulikuwa na friji la mafuta ya taa la kupozea soda. Friji hilo ndilo lililomleta nyumbani kwangu.

Mume wangu ana ugonjwa wa sukari. Si ile sukari ya watu wazima wenye vitambi, wanaoambiwa wapunguze wali. Yake ni ile inayomkamata mtu angali kijana, haina kidonge, ni sindano asubuhi na jioni mpaka mwisho wa maisha. Ilipomwanza, kwao walidhani karogwa, alivyokuwa anakonda na kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Padre ndiye aliyemkimbiza hospitali. Mimi nilimkubali hivyo hivyo, nikiwa najua. Nilijifunza kuchemsha bomba la sindano, nikajifunza kumpakulia ugali usiozidi wala kupungua, nikajifunza kumtia sukari mdomoni pale inaposhuka na yeye anaanza kutetemeka na kuongea ovyo. Lakini dawa yenyewe, insulini, haitaki joto. Ikipata joto inaharibika, na nyumba yetu ya bati mchana ni tanuri.

Bimdogo naye anayo sukari hiyo hiyo, tangu usichana wake. Mumewe alimwacha kwa ajili hiyo, akasema hakuoa wodi. Walikutana na Shigela kwenye benchi siku ya kliniki, wakazoeana.

"Kaka Shigela, unahangaika nini na friji langu lipo?" akamwambia. "Leta dawa yako iwekwe na yangu."

Kaka! Na mimi akaniita wifi. Nyie, mimi nimeona wanawake wangapi walioanza na wifi wakamalizia na mke mwenza?

Basi ikawa kila asubuhi na kila jioni mume wangu yuko kwa Bimdogo. Kama angekaa kimya ningevumilia. Anarudi anacheka! Nikimuuliza anacheka nini, ananiambia eti Bimdogo alipima mkojo wake, dawa ya kupimia ikageuka rangi ya tofali, wakati wake yeye Shigela ulibaki bluu kabisa, kwa hiyo Bimdogo kashindwa na lazima amwagilie miche ya miti ya Shigela. Wanashindana! Jamani, mwanamke gani mwenye haya anamtangazia mume wa mtu rangi ya mkojo wake? Nikasusa kula siku hiyo. Shigela akala peke yake, akaniuliza kama naumwa.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Siku moja tuko dukani kwake wote watatu, mimi nanunua chumvi, Shigela yuko pembeni yangu anazungumza habari za mbao. Bimdogo akamkatiza kauli. "Kaka, kaa chini. Kunywa hii." Akamfungulia soda. Mimi namtazama mume wangu, namwona mzima. Kabla hajamaliza chupa, jasho likamtiririka na mkono ukaanza kutetemeka. Nalala naye kitanda kimoja na sikuona chochote. Yule kaona kutoka upande wa pili wa kaunta. Nilirudi nyumbani nimeisahau chumvi.

Halafu insulini ikakosekana hospitali. Mwanza ilipatikana kwenye maduka ya dawa, lakini Mwanza ni mpaka ufike Malampaka upande treni, na malori yalikuwa yamekwama kwa mvua. Bimdogo aliishiwa kabisa. Shigela alikuwa na kichupa kimoja, akavuta dawa na kumgawia nusu.

"Na wewe ikikuishia?" nikamuuliza.

"Barabara ikifunguka mmoja wetu ataenda Mwanza, ataleta ya wawili."

"Na barabara isipofunguka?"

"Tutakosa wote."

Tutakosa wote! Mimi nimefunga naye ndoa mbele ya madhabahu, hajawahi kuniambia neno tamu kama hilo. Waliosema wivu ni kidonda walikuwa wanajua. Mimi nilikuwa nacho, na hakikuwa na dawa kwenye friji lolote.

Nikasema sitalia, nitatumia akili. Nilikwenda Zagayu kwa mama yangu, nikarudi na vyungu viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Katikati nikajaza mchanga, nikaulowesha maji, juu nikafunika kitambaa kibichi, nikaweka kivulini penye upepo. Mwuguzi wa kliniki alikuwa ameshatueleza njia hiyo, wasio na friji waitumie. Ukitia mkono ndani unasikia baridi kama kisimani. Kila nikipita nililowesha mchanga. Shigela alipoona alifurahi mpaka akaniita kwa jina la baba yangu, kama anavyofanya akinipenda sana. "Ng'wana Masalu," akasema, "umenimaliza."

Nikajua nimeshinda. Dawa iko kwangu, friji la Bimdogo libaki na soda zake.

Kesho yake alfajiri, mume wangu akachukua baiskeli.

"Unakwenda wapi? Dawa si hii hapa?"

"Nakwenda kumgongea Bimdogo."

Alisema hivyo hivyo, bila hata kumung'unya maneno. Nikashika kiuno. Akanieleza kwamba ni makubaliano yao ya siku nyingi. Bimdogo analala peke yake, nyuma ya duka. Sukari ikimshuka usingizini hakuna wa kumwamsha, atakwenda hivyo hivyo. Kwa hiyo Shigela anagonga mlango wa uani, yeye anaitikia "nipo", Shigela anageuza baiskeli.

"Na wewe nani anakugongea?"

"Mimi nina wewe."

Siku nyingine neno hilo lingenilainisha. Siku hiyo lilinichoma. Nilipomhadithia jirani yangu Lukresia, tunayeimba naye kwaya, alipiga makofi. "Mwenzangu! Mwanaume anaamka na jogoo, hana jembe, hana ng'ombe wa kukamua, anakwenda kugonga mlango wa mwanamke, na wewe umebaki unalowesha mchanga! Lisemwalo lipo."

Nikaapa nitajionea mwenyewe. Nilingoja siku Shigela amelala usingizi wa uchovu. Nikamgusa kwanza, nikaona anapumua vizuri na ngozi kavu, maana hasira ni hasira lakini mume ni mume. Nikajifunga kitenge nikatoka kabla yake. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nigonge kama anavyogonga yeye, nione huyo wifi atakuja kufungua amevaa nini.

Nikagonga. Kimya. Nikasema, aha, anajipaka mafuta kwanza. Nikagonga tena. Halafu nikasikia mkoromo mzito mle ndani, mkoromo wa mwanaume kabisa. Damu ikanipanda kichwani. Shigela nimemwacha kitandani kwangu kwa macho yangu, lakini wivu hauna hesabu, nikasema leo nimewapata.

Nikapapasa mlango. Mlango wenyewe kautengeneza Shigela. Mkono wangu ukakuta tundu dogo karibu na fremu, na ndani ya tundu kamba, ukiivuta inainua komeo. Naifahamu kamba hiyo. Mlango wetu unayo, aliiweka ili mtu wa nje aweze kuingia siku yeye akianguka ndani na mimi nipo shambani. Loo! Kumbe na huku ameweka! Mume wangu ana kamba ya chumba cha mwanamke! Nikaivuta kwa nguvu nusura ikatike.

Bimdogo alikuwa chini, nusu mkekani nusu sakafuni, peke yake. Nguo zimelowa jasho, macho yamefunguka kidogo lakini hayaoni, na ule mkoromo unatoka kwake. Kikombe cha maji ya sukari kilikuwa kimepinduka karibu na mkono. Alikuwa amejaribu kukifikia.

Nilimtazama. Hata akiwa vile, mate yamemtoka, alikuwa mzuri, na hilo nalo likaniudhi. Halafu mikono yangu ikaanza kufanya kazi inayoijua. Nikamgeuza ubavu asipaliwe. Nikakimbilia dukani mbele, nikachota sukari kwenye gunia kwa kiganja, nikalowesha kidole, nikawa nampaka ndani ya shavu na kwenye ufizi, kidogo kidogo. "Amka," nikawa namwambia. "Amka we mwanamke, sijamaliza na wewe. Nina maneno na wewe. Amka!"

Shigela akaingia mbio. Akapiga magoti upande wa pili, hakuniuliza nimefikaje pale. Akauliza, "Umempa nyingi?" Tukaendelea kumpaka, mimi na yeye, tumeinamia kichwa kimoja.

Kulipokuwa kweupe ndipo macho yake yakarudi. Akaniona mimi kwanza. Shigela alikuwa nyuma ya kichwa chake, hakumwona. Uso wote ukamharibika.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "Shigela ana nini?"

Nikataka kumjibu vibaya. Kitu cha kwanza baada ya kutoka kaburini, anamtaja mume wangu! Lakini alinishika kitenge, anajaribu kuinuka na miguu haimtii. "Hakuja kugonga. Ameanguka? Umekuja kuniita? Chukua dawa, friji liko wazi, chukua..." Machozi yanamtoka. Ndipo nikaelewa. Kwa hao wawili, asiyekuja asubuhi ameanguka. Hawana maana nyingine.

"Niko hapa," Shigela akamwambia. "Ni wewe uliyeanguka."

Akamwona, akalala tena chini, akaanza kucheka na kulia pamoja.

Tukiwa njiani kurudi, Shigela anasukuma baiskeli, nikamwambia, "Kuanzia kesho nitagonga mimi."

Akanitazama kama vile nimekuwa malaika. Thubutu! Msinisifu hata kidogo. Nilisema hivyo kwa wivu. Niliona ni afadhali nigonge mimi kuliko agonge yeye, na kamba ile niivute mimi.

Basi nikawa nagonga. Mvua na kiangazi, palizi na mavuno.

"Mwangaluka," namwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, wifi. Nipo. Kaka kaamka?"

"Kaamka."

"Haya, alhamdulillahi."

Nikirudi nyumbani, Shigela yuko kwenye bomba lake la sindano, hajanisalimia, ananiuliza, "Bimdogo yupo?" Nami najibu, "Yupo." Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Naamka kabla ya wote, nabeba habari za mmoja nampelekea mwenzake. Wanaulizana wao. Siku moja mafua yalinishika, sauti imekauka kabisa, nikagonga na kusema mwangaluka kwa sauti ya chura. "Kaka kaamka?" akauliza. Nilitembea njia nzima nikijisemea peke yangu. Wivu wa mume ulikuwa umeshaniishia zamani, naona wazi Shigela hana jambo na yule. Lakini kifua bado kilikuwa kinaungua, na sikujua sasa kinaungulia nini.

Halafu ikafika siku Shigela kaenda Mwanza kuleta dawa ya wote wawili. Watoto wetu nilikuwa nimewapeleka Zagayu kuchuma pamba kwa bibi yao. Malaria ikanishika nikiwa peke yangu. Kulipopambazuka nilitaka kuinuka nikagonge, chumba kikazunguka, nikarudi chini. Nikawaza, atanilaani, hajagongewa. Nikawaza tena, atanilaani nini, yeye akiamka mzima atafungua duka, watu wa mnunuzi wa pamba wanamsubiri awauzie chai. Nikajifunika gubigubi natetemeka.

Jua lilikuwa limeanza kupiga bati niliposikia vishindo uani. Mtu anakimbia, na anakimbia vibaya, kama asiyezoea. Nikasikia pumzi inamwishia nje ya mlango wangu. Bimdogo hakimbii, ana duka, watu ndio wanaomkimbilia.

Akagonga.

"Wifi! Wifi Anna!"

Hakumtaja Shigela. Nilitega sikio hasa nimsikie akimtaja, wala hakumtaja.

"Wifi Anna, uko mzima? Niitikie!"

Najua nilipaswa kumjibu "nipo" mara moja. Najua anavyoumia mtu akigonga asiitikiwe, nimewahi kusimama mahali pale. Lakini tangu nizaliwe sikuwahi kugongewa mlango mimi. Nikanyamaza kidogo tu, ili agonge tena.