Kufuli ya Difu na Ukaidi Wangu

Nakumbuka, mwanangu, sauti ya ekseli ikivunjika. Pa! Gari kimya, na mimi shofa kwenye usukani, kofia nimeipinda, nimekwama kwenye kona ya njia ya Minago na mapipa ya mawese nyuma, watu wa baiskeli wananipita wakinicheka.

Nilikuwa kijana, uhuru haujatimiza miaka kumi. Gari ya tajiri wangu ilikuwa inasukuma kwa magurudumu yote manne, na kando ya kiti palikuwa na mkono mdogo wa kufunga difu, yale meno ya katikati yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Wee, nilivyoupenda mkono ule! Difu ikiwa wazi, gurudumu moja likizama matopeni nguvu yote inakimbilia huko huko. Linazunguka bure, na mwenzake lililo pakavu linasimama kutazama. Ukiifunga, yanazunguka pamoja, yanatoka pamoja. Basi mimi nikaona ni dawa ya kila siku. Nikafunga hata kwenye njia kavu, nipite sokoni gari ikinguruma, wasichana wasikie.

Fundi wetu, Mzee Ramazani, mtu wa Uvira aliyezeekea kwetu Rumonge, alikuwa ameshanikanya. Siku ile alikuja na ekseli mpya begani, ule mti wa chuma unaozungusha gurudumu, hakunitukana. Alichuchumaa, akachora kona kwenye vumbi kwa kidole.

"Ona weye. Kwenye kona gurudumu ya nje iko na safari ndefu kuliko ya ndani. Umeyafunga pamoja, itafanya nini? Itavunja kitu. Kufuli ni ya matope. Ukitoka matopeni, fungua."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja ekseli, na kiburi kidogo.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili. Mengi sisemi. Watu walikuwa wanauawa nchini kwetu, nasi tukakimbilia mpaka wa Tanzania. Nilipakia mke wangu Zaina na mtoto wetu mchanga, kaka yangu Hamisi na majirani. Pale Kigwena nikapakia na familia ya mkulima tusiyemjua hata kwa jina. Kupita msitu, bondeni, gurudumu la nyuma likazama. Huko tulikotoka, moshi.

"Washushe hao," kaka akasema. "Si watu wetu."

"Wako ndani ya gari yangu. Hashuki mutu!"

Nilimjibu hivyo kaka yangu mkubwa, tumbo moja, na sijutii mpaka leo. Yule mkulima ndiye aliyeruka chini, akakata makuti ya mchikichi, akayatandika mbele ya gurudumu. Nikafunga difu. Gari ikalia, ikatambaa, ikatoka, naye akadandia.

Mbele ulikuwa mlima wa mawe wenye kona tatu. Nikasimama nifungue kufuli. Mkono umekaza, meno ya difu yamebanana, haukubali! Ilibidi kurudi nyuma kidogo, kuelekea matope yale yale na moshi ule ule, ndipo uachie. Ala! Walivyonipigia kelele! Kaka akanikamata shati.

"Unaturudisha tufe!"

"Ekseli ikivunjika kwenye mawe haya, tutazikwa hapa hapa," nikasema.

"Mwacheni," Zaina akasema, mtoto kifuani. "Anajua kazi yake."

Nikarudi nyuma, urefu wa gari moja tu. Mkono ukaachia. Tukapanda kona zote tatu, na jua halijazama tulikuwa tumevuka mpaka, hata mmoja hakupungua.

Wanasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Waseme! Mimi nilifaidi siku ile, na ukaidi wangu nimezeeka nao. Lakini jua mahali pa kuutia, mwanangu. Siku ya utelezi, wakikuambia mwache mwenzako azame ujiokoe, funga kufuli, utoke naye, hata kama anayekuambia ni ndugu yako wa damu. Mkifika pakavu, mfungulie. Kila mtu apite kona yake kwa mwendo wake, usimburute kwa sababu tu uliwahi kumwokoa. Hapo ndipo watu huvunjana.

Mungu akupe mkono wa kufunga na mkono wa kufungua. Na siku wote watakapokupigia kelele usonge mbele, akupe moyo wa kurudi nyuma urefu wa gari moja. Amina.