Ukuta Hauna Mguu

Nakumbuka Jumamosi moja jioni, mjomba wangu aliposhuka kwenye baiskeli akiwa na raketi ya mpira wa meza aliyoizungushia gazeti. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Chanzuru, kilikuwa kipya. Hata mabati ya ghala yalikuwa bado yanang'aa. Mjomba alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli, na fundi mmoja Mchina alimpa raketi ile walipoagana.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Shika hii. Na usiivunje, wenyewe wanaipenda kuliko wali.”

Mwanangu, juzi umeniletea raketi yako mpya yenye nyuzi za kaboni ndani ya mbao, ukaniuliza kama ni nzuri. Niliigeuzageuza nikakurudishia, ukadhani mzee hajui. Ninajua kidogo. Kaa nikueleze kilichonizuia kukujibu.

Mimi nilicheza wawili wawili na Saidi, rafiki yangu tangu utotoni. Katika mchezo huo, kama ujuavyo, wewe ukipiga, mpira unaofuata lazima apige mwenzako. Ukishapiga unampisha, naye anaingia. Mguu wa kushoto wa Saidi ulikakamaa alipougua akiwa mdogo. Kukimbia hakuweza, lakini mkono wake, jamani! Aliutua mpira kwa utaratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai mbele ya mgeni.

Raketi zetu alizichonga baba yake Saidi kwa mbao za masanduku ya chai, akabandika mpira wa ndani wa baiskeli. Hazikuwa na kasi. Mpira ulikwenda polepole na kurudi polepole, na katika upole huo Saidi aliuburuta mguu wake akafika. Sikujua wakati ule kwamba upole wa raketi zile ndio uliokuwa mguu wake wa pili.

Sasa elewa mwenzangu alikuwa anatafuta nini. Shamba la kijiji tulililima sote, naye hakuweza kusimama na jembe kutwa, akapewa kazi ya kulinda ghala. Vijana wakambandika jina: Kupe. Enzi zile neno hilo lilichoma, maana ndivyo walivyoitwa wanyonyaji, watu wanaokula jasho la wengine. “We Kupe, leo umekula jasho la nani?” Naye hucheka. Lakini mimi niliyelala naye jamvi moja nilijua kwamba hacheki.

Yakatangazwa mashindano ya wilaya, kule Mikumi. Washindi wangekwenda Morogoro kwa jina la wilaya nzima. Saidi akaniambia, “Nikirudi kutoka Morogoro, wataniita jina alilonipa baba.”

Nami nikaijaribu raketi ya Mchina. Niliijaribia wapi? Kwenye ukuta wa ghala, peke yangu. Paa! Ukuta unarudisha, napiga tena. Kasi ile ilinilevya. Sikujaribu mpira mfupi, ule unaodondoka nyuma ya wavu tu. Sikukisikiliza kiganja kinasema nini mpira unapogusa mbao. Saidi alinitazama, kisha akasema, “Twende nayo mezani basi, niizoee.”

“Uizoee ya nini? Nitawamaliza kabla mpira haujakufikia.”

Akacheka. “Haya bwana, mwenye Mchina wake.”

Tulipanda lori la kijiji, tukapita kijiji kiitwacho Ulaya, huku huku kwetu, tunaimba. Mchezo ulipoanza, pointi za kwanza nilizichukua mimi, navuma kama radi, ukumbi unashangilia. Kisha wapinzani wetu wakaacha kuogopa. Wakawa wanaweka raketi mbele tu, na kasi yangu mwenyewe ikawafanyia kazi. Mpira unaopigwa kwa nguvu hurudi kwa nguvu, mwanangu, na zamu ya kuupokea haikuwa yangu. Ilikuwa ya Saidi. Akauburuta mguu, akachelewa. Tena akachelewa. Nikataka kupunguza, raketi ikanikatalia. Kila nilipogusa kwa upole, mpira uliruka ukapita meza. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ile raketi yangu ya zamani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Mpira wa mwisho Saidi aliurukia, akaanguka chini, na watu wakacheka.

Wakati wa kurudi, mmoja akapaza sauti ndani ya lori: “Kupe kashiba! Leo kala hata mechi!” Lori zima likaangua kicheko. Nilipaswa kusema, “Jamani, kosa ni langu.” Maneno manne tu. Nikageuza uso, nikatazama milima. Saidi akaniinamia sikioni, bila hasira: “Uliijaribu kwa ukuta, ndugu yangu. Ukuta hauna mguu.”

Hakushika raketi tena.

Nilimwendea miaka mingi baadaye, sote tuna mvi, nimwombe radhi. Alinimiminia chai, hakuniacha hata nimalize. “Yamepita hayo,” akasema, akaniuliza habari za wajukuu. Yalipita kwake. Lakini watu wa rika letu walimwita Kupe mpaka siku ya maziko yake, nami nilisimama pale kaburini nikilisikia.

Basi, raketi yako. Si mbaya. Kaboni huukaza ubao, mpira ukaondoka upesi kabla kiganja hakijapata habari. Ijaribu kwa mapigo makali, hiyo ndiyo kasi. Kisha cheza mipira mifupi, na upokee mipira ya kuanzia yenye mzunguko. Ikitua unapotaka, unaitawala. Fumba macho, dundisha mpira juu yake, uone kama mkono unatambua umegusa katikati au pembeni. Hiyo ndiyo hisia. Halafu mwite Mariamu unayecheza naye, mcheze, na usiutazame mpira. Tazama miguu yake. Akifika bila kuhangaika, raketi ni nzuri. Akichelewa, badili mpira uliobandikwa, au tuliza mkono, au irudishe dukani. Usimlaumu yeye.

Na hata nje ya meza iwe hivyo. Kila kinachokuongezea mwendo, kwanza kipime kwa yule mliyefungwa naye zamu. Na siku ukikosea, sema palepale, kicheko kikiwa bado garini. Ukingoja mvi, utasamehewa, lakini hutakuwa umemsaidia mtu.

Nenda, mwanangu, una mkono mzuri kuliko wangu. Mungu akupe wepesi, na jicho la kumwona mwenzako. Popote utakapofika, akufikishe pamoja naye.