Walifunga valvu ya egzosi kwa waya siku ya harusi, eti inapiga kelele

Wakuu, habari zenu. Haya yalinipata miaka ya hamsini, nikiwa kijana pale Thika. Sijatia chumvi. Wajukuu wanasema niyaache, lakini hasira haijaisha.

Nilikuwa natunza gari la Mzee Kamau, mwenye duka. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nililala nikiwaza ni nati gani nimesahau. Mzee aliniahidi: harusi ya binti yake ikienda sawa, ananiajiri kabisa.

Kwa wasiojua, magari mengi ya wakati ule yalikuwa na valvu, kibamba cha chuma ndani ya egzosi, lile bomba la moshi, karibu na engine. Asubuhi ya baridi kinajifunga, joto la moshi linapasha engine. Ikishapata moto, kinafunguka chenyewe. Nje kina kijiuzito kinachocheza, na gari likiwa idle kinagonga, tik tik tik.

Mlio huo ndio uzima wake.

Ukitia oil ili kukilainisha, joto linaigeuza masizi, kibamba kinakwama. Mimi nilitwanga ule weusi wa penseli, nikachanganya na mafuta ya taa, nikapaka engine ikiwa baridi huku nikikichezesha kwa kidole mpaka kikawa chepesi.

Siku ya harusi, ukungu umetanda, tukaondoka kwenda kanisani Ruiru. Ndung'u dereva, mimi kando yake. Nyuma bibi harusi, Wanjiru, na shangazi yake.

Nikasikia kimya, ile tik tik haipo. Nikamuuliza Ndung'u.

"Leo ni harusi, fundi. Hata gari limejua adabu."

Nilitaka kushuka nikague. Lakini nitasimamishaje gari la bibi harusi kwa sababu ya ukimya?

Kabla ya Juja likaanza kukohoa, nguvu zikaisha, likazima. Kufungua boneti, naona waya umekizunguka kile kijiuzito. Ndung'u akakiri kwamba Mzee ndiye aliyeagiza, hakutaka aibu mbele ya waumini. Waliufunga engine ikiwa baridi, kwa hiyo kibamba hakikufunguka tena, petroli ikachemka kwenye kabureta.

Nikakata waya, vidole vikaungua. Tukangoja ipoe. Likawaka, tik tik tik, na shangazi akalalamika.

"Tata, acha lilie likienda," Wanjiru akamwambia. "Liliponyamaza si ndio tukakaa hapa?"

Mzee alitungoja mlangoni mwa kanisa. Alilisikiliza gari, kisha akanigeukia.

"Lilitoka kwangu likiwa kimya. Wewe umelifanya nini?"

Nikamwonyesha waya. Hakuutazama. Akasema funguo zibaki na Ndung'u, na mimi nisirudi.

Nilichojifunza: kilichoundwa kicheze, kiacheni kicheze. Kikagueni kikiwa baridi, msitie oil, na kabla ya kunyamazisha mlio, ulizeni unatoka wapi.

Maoni nayapokea, hata ya wanaomtetea Mzee. Ila hao waanze kwa kunieleza mbona wiki iliyofuata gari lile lilinipita sokoni Thika, kimya kabisa; bila shaka walikuwa wamekifunga tena.