Kitambaa cha Mama na Kompyuta Iliyozimika

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua mchana mzima. Na kwenye r na l sina hakika, nimeziacha zilivyokuja.

Nataka kueleza nilivyounda kompyuta yangu ya kwanza. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaanza kuja ya kila aina, siyo nguo tu. Nilikuwa binti, nimemaliza msimu wa kuvuna zabibu Makutupora, sina kazi. Pale kwetu Nkuhungu, Dodoma, palikuwa na fundi wa redio na televisheni, mtu wa makamo. Siku moja alinunua rundo la kompyuta kuukuu za ofisini. Nikawa napita kila asubuhi kusimama mlangoni kwake, natazama, nakwenda zangu.

"Wewe," akaniita siku ya nne. "Unatafuta nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Na baada ya shikamoo?"

Nilingoja mpaka akarudi kwenye kazi yake. Ndipo nikauliza, "Ndani kuna nini?"

Alinipa bisibisi.

Ndani kulikuwa na ubao wa kijani, wao wanauita mazabodi. Nikauona kama mji ukiutazama kutoka kilimani: vijumba, matangi, barabara nyembamba zinazokwenda mahali nisipopajua. Nilitaka kujua kila barabara inafika wapi. Nilikuwa nashinda pale. Wiki ya pili fundi akasema anahitaji mtu wa kukaa naye benchi.

"Chagua vipande humo kwenye rundo, uunde moja. Kaa nayo kwenu. Jumamosi ya wiki ijayo nikitoka kuswali adhuhuri nitapita. Ikiwaka mpaka alasiri bila kuzimika, kazi ni yako. Ikizimika, zabibu zipo."

"Kwa nini isiwe hapa?"

"Hapa dukani kila kitu kinawaka, mwanangu. Watu wanaishi majumbani."

Nikaunda. Kasha lilikuwa la moja, feni ya nyingine, skrini ya tatu yenye mkwaruzo. Mara ya kwanza nilisahau kuchomeka kile kijiti cha kumbukumbu, mashine ikalia piii, piii. Nikakichomeka, ikanyamaza. Nikazima, nikakichomoa tena ili nisikie.

"Umeshaisikia," fundi akasema. "Mrudishie kumbukumbu zake, maskini."

Tukaipeleka nyumbani kwa toroli. Mama alikuwa ananisubiri na zawadi. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Redio ina kitambaa chake, makochi yana vyake, hata chupa ya chai ina chake. Kompyuta aliifumia kipya, cheupe, pembezoni vishada vya zabibu kwa uzi wa zambarau. Kilifunika kasha lote mpaka mezani, mbele akaacha tundu la kitufe. Vumbi la Dodoma mnalijua. Nilifurahi kweli.

Siku hiyohiyo ikazimika. Nikangoja, nikawasha, baada ya nusu saa ikazimika tena. Nikachukua daftari, nikawa naandika saa ya kuwaka na saa ya kuzimika. Nilishuku umeme, lakini taa haikupepesa. Nilishuku kile kijiti, nikakisugua meno kwa ufutio kama fundi alivyonionyesha. Ikazimika. Zilibaki siku tatu, nami usingizini naona matuta ya zabibu.

Alhamisi mama alifua vitambaa vyote. Mashine ikawaka tangu saa nne asubuhi, mpaka mimi mwenyewe nikachoka kuikalia. Nikaandika daftarini: imepona. Ijumaa kitambaa kikarudi, ikazimika. Nikatia mkono nyuma ya kasha. Upepo wa feni ulikuwa wa moto, unagonga kitambaa na kurudi ndani. Nikaelewa.

Lakini kumwambia mama sikuweza. Alikuwa ameshawaonyesha majirani kile kitambaa. Nikasema moyoni, kesho nitakitoa kimyakimya kabla fundi hajafika.

Jumamosi mama alikipiga pasi kwa wanga. Fundi alipopiga hodi ndipo akakitandika, akakinyoosha vishada kimoja kimoja.

"Karibu kaka. Ione, imevaa."

"Imependeza, dada," fundi akasema, akaketi, akatazama saa yake. Nikawasha.

Nilikaa na daftari mapajani. Dakika kumi zikapita. Mama akamimina chai. Dakika ishirini. Nikaweka mkono nyuma, moto. Fundi alinitazama mkono, akanywa chai.

"Mama," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. "Mama, naomba tuivue."

"Mbele ya mgeni?"

"Inakosa hewa. Nimeandika siku zote hapa. Ulipokifua haikuzimika."

Mama akaweka birika chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada," fundi akasema, "hata mimi nikivaa koti la sufu mchana huu nitazimika hapahapa."

Mama akajaribu kujizuia, akacheka. Akakivua mwenyewe, akakikunja mara mbili. Kisha akaniambia ninyanyue kasha, akakitandaza chini yake, vishada vikaning'inia ukingoni mwa meza.

"Basi ikikalie," akasema.

Adhana ya alasiri ikasikika, mashine bado inanguruma. Fundi aliomba daftari langu, akalisoma mpaka mwisho, pole pole kama ninavyoandika.

"Jumatatu uje na kikombe chako," akasema. "Vyangu ni viwili tu, kimoja kimevunjika mkono."

Nimekaa kwenye lile benchi mpaka leo. Mashine ikiletwa na mwenyewe akasema inajizimia tu, kabla ya kushika bisibisi namwuliza mnaifunika na nini. Wengi hutazama chini. Nawe uliyesoma mpaka hapa, niambie kwenu mnafunika nini, na je, kuna kitu kilichowahi kuwazimikia msijue sababu? Niandikie hata mistari mitatu. Andika herufi kubwa, maana nasoma taratibu, na nitakujibu, ila nipe muda.