Moto Ndani ya Nyumba Tupu

Mama yule wa Wheaton alinipigia simu katika baridi ya kwanza baada ya kufiwa na mumewe. Namba yangu alipewa na mtu aliyepewa na mtu. Ndivyo watu wetu walivyonipata huku ughaibuni miaka ile ya elfu mbili na kitu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, yeyote aliyekuwa na boila mbovu na hakutaka kuhangaika kuieleza kwa Kiingereza. Siku za kazi niliendesha gari la kampuni moja ya mitambo ya joto. Wikendi nilikuwa fundi wao. Sikukataa mtu. Nilikaa chumba kimoja Columbia Heights, na Jumapili, ukishatoka kanisani, ilikuwa siku ndefu.

Niseme mapema kwamba sikusoma sana. Niliishia darasa la nane kule kwetu milimani, na boila nilijifunzia huku, kwa kumbebea fundi mwingine mkoba. Kwa hiyo ninaieleza nilivyoielewa, na huenda mwenye kujua zaidi atacheka. Ya huyu mama ilikuwa ya zamani, lichuma zito limekaa besimenti, chini ya nyumba. Gesi inawaka, maji yanapata moto, pampu inayasukuma kwenye mabomba hadi rejeta, vyuma vya kupasha joto vya kila chumba, yanarudi yamepoa, yanapashwa tena. Ni jiko na sufuria tu, ila sufuria yenyewe ni nyumba nzima.

Siku ya kwanza alifungua mlango nikamwambia, habari yako mama. Akaushikilia ule mlango asinipishe.

“Kwenu bara hakuna shikamoo?”

Nikasema ipo, ila tuliiangusha njiani.

“Basi kaiokote.”

Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akanipisha. Alikuwa mtu wa Pemba, umri wa mama yangu, mwembamba, na Kiswahili changu alisema kina mawe kama mchele wa dukani. Mumewe alifariki mwisho wa kiangazi. Tangu hapo alikaa peke yake na ile boila, na sasa boila, kwa maneno yake, ilikuwa inamnunia. Siku nyingine joto zuri, siku nyingine nyumba baridi ya kaburi, halafu joto linarudi lenyewe polepole, kama mtu aliyesahau kilichomnunisha.

Hakuna fundi anayependa ugonjwa unaopona akifika. Nilishuka nikaikuta inawaka vizuri, moto wa buluu, pampu inanguruma, maji yana nguvu ya kutosha. Nikabadilisha kile kijiti cha shaba kinachonusa kama moto mdogo wa kuwashia bado uko, kwa sababu kikizeeka huweza kudanganya. Nikaenda. Baada ya muda akapiga simu tena. Safari hiyo nilitoa hewa kwenye rejeta zote, kwa sababu hewa ikikwama maji hayapiti. Mara ya tatu nikaishuku pampu, nikaigonga kwa mpini wa spana kama mtu anayegonga papai. Pampu ilikuwa nzima.

Kila mara hakuniacha niende bila kula. Aliniwekea mkate wa kumimina na chai ya mchaichai kwenye meza ya jikoni, akakaa upande wa pili na kuniuliza kwetu wanapanda nini, mvua ikoje, mama yangu anapika nini asubuhi. Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza mambo hayo mji ule. Nimewahi kujiuliza kama kweli nilitaka kuipata hitilafu ile upesi. Nadhani nilitaka. Kuapa siwezi.

Ila haraka ilikuwepo, na alinieleza sababu yake pale mezani. Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume, anafanya kazi ya kompyuta na anakaa Herndon. Usiku mmoja mama alilala kwa rafiki yake, na aliporudi akakuta bomba chini ya sinki limeganda na kupasuka, maji yametapakaa. Mwana akasema nyumba ikipoa hivyo tena, basi. Mama atahamia kwake, na nyumba iuzwe.

“Anakaa ghorofani, juu kabisa,” mama alisema. “Njiwa ndio hukaa huko. Na mimi nitakuwa mgeni pale mpaka nife. Mgeni hata chumvi haombi.”

Sitaki kumwandika vibaya yule kijana. Siku ya bomba aliondoka kazini akaja, akapiga magoti na suruali yake ya ofisi akakausha sakafu kwa mataulo. Mtu mwenye mama peke yake katika nyumba inayoganda ana haki ya kuogopa. Mwezi wa pili ulipofika alimwambia atakuja Jumapili fulani wazungumze mambo ya kuhama. Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo nyumba ikapoa tena. Mama hakumwambia. Alinipigia mimi.

Jumamosi nilifika asubuhi, nikaikuta inawaka, kama kawaida yake. Sikufungua mkoba. Nilikaa kwenye ngazi za besimenti nikakumbuka neno la yule fundi aliyenifundisha kazi, kwamba ukimaliza kuiuliza mashine, muulize mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeiuliza mashine peke yake. Nikamwita, akaja akasimama juu ya ngazi, nikamuuliza shida ilianza lini hasa.

Akafikiri. Mzee alipofariki haikuwa hivyo, akasema. Eda yote hakuona baridi, wala theluji ilipoanguka. Alipotoka eda ndipo ikaanza.

Neno eda nilikuwa nalisikia tu, kwa hiyo nikamwomba anieleze. Akaeleza kwa upole kwamba mke akifiwa hukaa ndani ya nyumba yake miezi ile iliyowekwa, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Watu ndio humjia. Ikiisha, anaoga, anatoka, anarudi duniani. Yeye aliporudi duniani alianza kwenda msikitini Ijumaa, na siku nyingine kukaa kutwa na wanawake wenzake.

Akili yangu huenda polepole, na pale nilihisi inavyotembea. Boila haijui eda. Ila miezi ile yote nyumba haikuwahi kubaki tupu.

“Mama, nina ombi la kijinga. Toka.”

“Nitoke niende wapi?”

“Toka kama unavyotoka Ijumaa. Ufanye kila kitu unachofanya, mpaka mlangoni.”

“Unanifukuza kwangu?” akasema, lakini alikuwa anacheka, akaenda kuvaa buibui.

Nilimsikiliza kutoka kwenye ngazi. Alikwenda jikoni, akagusa vifundo vya jiko kimoja kimoja. Akachomoa pasi, akachomoa birika la umeme. Akapita kwenye mlango wa besimenti akisema bismillahi, na mkono wake ukapanda ukutani, pale palipo na swichi yenye kibao chekundu, ukaishusha bila yeye kuitazama, kama mtu anavyopangusa chembe ya mkate mezani. Chini yangu boila ikafanya tap, ikanyamaza.

Swichi ile huwekwa juu ya ngazi ili mtu akiona hatari azime boila bila kushuka. Nilikuwa nimepita kando yake kila safari. Kila safari ilikuwa juu, imewashwa, kwa sababu mama akirudi nyumbani aliiwasha. Lakini chuma kizito kama kile, kikipoa kutwa na maji yake yote, hakiwezi kuirudishia nyumba joto kwa muda wa kuchemsha chai. Yeye akiona baridi imeganda ndani na boila inanguruma, alijua inaumwa.

Alisimama pale na buibui lake akiniangalia.

“Nimefanya nini?” akauliza.

Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti cha jikoni.

“Kwetu nyumba ni makuti,” akasema. “Moto hauachwi peke yake. Nimeona kwa macho yangu mtaa mzima ukiteketea kwa jiko la mwanamke mmoja aliyekwenda kisimani. Mzee alikuwa kastaafu, hatoki, basi sikuwa na haja ya kuzima. Alinionyesha mwenyewe, hiki chekundu ndicho kinachoua moto.”

Alionyeshwa sawa. Alikumbuka sawa. Mimi ndiye sikuwaza, na najua kwa nini. Kwetu ni baridi mwaka mzima, na hakuna mtu anayeua moto. Jioni makaa hufukiwa kwa jivu, asubuhi yanafukuliwa bado mekundu. Mwanamke ambaye moto wake umekufa alienda kwa jirani na kigae kuomba kaa, na jirani alikuwa na la kusema. Kwa hiyo niliishuku shaba, nikaishuku hewa, nikaishuku pampu. Kwamba mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuua moto katikati ya baridi, hilo halikunipitia kichwani.

Mama alikuwa ameshafika mbali kuliko mimi. “Ukimwambia mwanangu kwamba nazima mwenyewe, ataona akili zimenitoka. Kesho hiyo hiyo ataniletea maboksi.”

Nilikuwa na pampu mpya garini. Ningeweza kuifunga, nikasema hitilafu nimeiona, mwana angeridhika. Nililifikiria jambo hilo, sitasema sikulifikiria. Lakini pampu haingemzuia mama kushusha swichi Ijumaa ijayo. Nilimuuliza kama anaweza kutoka na kuuacha moto unawaka, akasema angeweza, ila mwili wake ungekuwa msikitini na roho yake hapa, na sala gani hiyo.

Ndipo nikamweleza habari ya jivu. Nikampeleka kwenye kile kisanduku cha ukutani, sebuleni, kinachoamrisha joto, nikamwonyesha kuteremsha namba. Nikasema sisi hatuzimi, tunafukia. Ukitoka, teremsha hapa. Makaa yanabaki, mabomba hayagandi, nawe ukirudi unafukua.

“Na ukilipuka?”

Nikamshusha besimenti nikamwonyesha. Kijiti cha shaba, ambacho moto ukifa kinakata gesi. Ile koki ambayo maji yakizidi nguvu inayaachia nje. Alisikiliza amekunja mikono kama mtahini.

“Kwa hiyo kuna walinzi.”

“Wapo, mama.”

“Hawalali?”

Nikasema mmoja nimemweka mwenyewe juzi tu. Akasema vizuri, sasa anajua wa kumshtaki.

Jumapili nilikuja kwa sababu aliniomba niwepo. Mwana alikaa kwenye kochi na koti lake mwilini. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini mama hakuningoja.

“Haikuharibika,” akamwambia. “Nilikuwa nazima mimi, nikitoka.”

Kijana akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, sauti ya chini, kama naona mama yake amechanganyikiwa. Nilijibu kwa Kiswahili ili mama naye asikie. Nilisema amezima alichofundishwa kuzima, na kama kuna aliyechanganyikiwa ni mimi, niliyekuja mara zote hizo nikatazama kila mahali isipokuwa pale.

“Kwa nini hukuniambia, mama?”

“Uliniuliza kama mtambo umeharibika. Hukuniuliza mimi nafanya nini.”

Aliinamisha kichwa. Kijana alitaka kuibandika swichi kwa karatasi ya gundi isishuke tena. Mama akasema asimfungie swichi kama mtoto mdogo. Hapo nilisema nilichoona ni haki, kwamba karatasi ni kitu kidogo na bomba lililopasuka ni kitu kikubwa, na mama hakunipenda kwa hilo, nilimwona. Mwishowe karatasi haikubandikwa. Walikubaliana wangoje baridi iishe. Nyumba ikipoa tena, hata mara moja, Herndon. Mama alisema sawa, na mwana akavua koti.

Baada ya hapo ukatokea msiba kwa watu wao, Virginia, na mama akaenda kulala matangani. Siku hiyo baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Alinipigia akiwa njiani.

“Nimefukia,” akasema. “Lakini moyo unanidunda.”

Nikamwambia nitapita nikitoka kazini. Hakuniomba nipite.

Nilifika jua lingali juu kidogo. Sikuwa na ufunguo. Niliacha koti la kampuni mwilini na tochi mkononi, kwa sababu mtu mweusi anayezunguka nyumba ya mtu katika mtaa ule anahitaji kuonekana yuko kazini. Nikachuchumaa kwenye kidirisha cha besimenti. Kioo kilikuwa hakina barafu. Ndani niliuona mwanga wa buluu ukicheza kwenye sakafu, na boila inanguruma, katika nyumba isiyo na mtu. Nikampigia.

“Unawaka, mama.”

“Peke yake?”

“Peke yake.”

Akamshukuru Mungu, kisha nikasikia wanawake nyuma yake wanamwita, akaniambia nenda kapumzike mwanangu, akakata.

Nyumba haikupoa tena baridi ile, na hakuhama. Mwanawe alinipigia mara moja kunishukuru. Mama hakuwa na sababu ya kuniita, na nyumba isiyo na hitilafu haiiti fundi, hilo si kosa la mtu. Ningeweza kwenda kumsalimia. Sijui kwa nini niliona lazima niwe na mkoba.

Lakini jioni ile sikuondoka mara moja. Joto lilifika kwenye namba aliyoiteremsha mama, boila ikafanya tap, mwanga ukatoweka sakafuni. Ndivyo inavyotakiwa. Nilijua vizuri kabisa kwamba itawaka tena yenyewe mabomba yakianza kupoa. Nikabaki nimechuchumaa pale kwenye theluji, mikono kwapani, nikingoja iwake.